Jumamosi moja na Kombi yangu ya vinywaji, Mwanza

Saa 11 alfajiri nipo Mwaloni, Kirumba. Wachuuzi wa dagaa wamenitangulia, wanagombea bei, lakini mimi nimefuata barafu ya bonge. Usiku nahudumia vinywaji kwenye sendoff (sherehe ya kumuaga binti anayeolewa) ya watu 200 kule Luchelele, na bia ya moto haina maelezo mbele ya kamati. Mzee anayeniuzia barafu ameshanizoea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo wapi?"

"Luchelele."

"Basi chukua sita, jua la leo si la kitoto."

Nachukua mabonge sita, nayafunga kwenye magunia. Barafu hii ni ya kupoza chupa kwa nje tu. Haiingii kwenye glasi ya mtu, maana imetengenezwa kwa ajili ya samaki. Ya glasi naigandisha mwenyewe nyumbani tangu Alhamisi, kwa maji niliyochemsha. Mwambao huu tunakijua kipindupindu, na mtu aliyekuja kumpongeza binti yake hapaswi kurudi na tumbo.

Saa 2 naanza kupakia. Kombi yangu ni Volkswagen ya mwaka 1976, juu rangi ya maziwa, chini kijani. Aliiacha baba mkubwa, ikakaa chini ya mwembe miaka mingi kabla sijaifufua. Injini yake ya cc 1600 iko nyuma na inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Kwa kuwa uzito wa injini tayari uko nyuma, kreti hazikai huko. Pipa la barafu, bia, soda na mvinyo wa Dodoma vinapangwa mbele, mgongoni mwa kiti cha dereva. Juu ya injini vinakaa vitu vyepesi: mirija, vitambaa, nyaya za taa. Mwaka wa kwanza nilipanga kinyume, na usukani ukawa mwepesi mkononi kama vile magurudumu ya mbele hayagusi lami. Sitaisahau safari ile.

Fundi wa bodi alitaka kukata ubavu mzima atengeneze dirisha la kuuzia. Nilikataa, na nashukuru nilikataa. Kombi haina chesisi ya kujitegemea kama lori, bodi yenyewe ndiyo inayobeba, ukiikata hovyo gari linalegea. Mlango wa kuburuta unatosha. Ukishafunguliwa, nakunjua ubao wa mninga wenye bawaba, natandika turubai juu, kaunta imekamilika.

Asubuhi iliyobaki inaishia jikoni. Juisi za ukwaju, rozela, tangawizi.

Saa 8 mchana tunaondoka, mimi na mdogo wangu. Tumeshapita Nyegezi, tunaitafuta Malimbe, taa nyekundu ya dinamo ikawaka kwenye dashibodi. Dereva wa gari jingine angesema nitaangalia nikifika. Kwenye Kombi huthubutu, kwa sababu mkanda unaozungusha dinamo ndio huohuo unaozungusha feni ya kupoza injini. Nikazima palepale, nikateremka. Mkanda ulikuwa umekatika, kipande kimelala juu ya bati kama mjusi.

Mkanda wa akiba siachi nyumbani. Unaiingiza bisibisi kwenye pengo la puli ili isizunguke, unalegeza nati kwa spana namba 21, na puli inagawanyika vipande viwili. Katikati yake mna washa, yaani pete nyembamba za chuma. Ukizipunguza katikati, mkanda unakaza, ukiziongeza, unalegea. Zile unazotoa unazirudisha upande wa nje, chini ya nati, zisipotee. Injini ilikuwa ya moto, nikaungua kidole gumba. Mdogo wangu alishika washa zote kiganjani, hakuthubutu hata kupiga chafya. Dakika arobaini zikaondoka.

Dakika hizo ndizo zilizoniuma, maana chupa zilitakiwa ziwe zimeanza kulala kwenye barafu mapema.

Saa 10 tunaegesha. Mchana upepo unatoka ziwani, kwa hiyo nauelekeza majini ubavu wa Kombi usio na mlango wa kaunta na kaunta itazame bustani. Balbu zangu ni za njano. Nyeupe zinaita vijidudu vya ziwani, na vikishaanza kuanguka kwenye juisi za watu, kila glasi inataka kifuniko.

Saa 12 na nusu jua linaelekea kuzama, wageni wanamiminika, na mwenyekiti wa kamati ananijia. "Dada, shampeni MC anaiita saa 2 kamili. Ipo tayari?" Nikashika chupa. Ilikuwa vuguvugu.

Nikavunja bonge moja kwa nyundo, nikamwaga maji na pakiti mbili za chumvi, nikakoroga kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Barafu yenye chumvi hushuka chini ya nyuzi sifuri, na maji yanaikumbatia chupa pande zote, jambo ambalo barafu tupu isiyo na maji haiwezi. Kila baada ya dakika chache nilizizungusha, nikihofia zisije zikaganda na kupasuka. Saa 2 MC alipoita, chupa zilitoka zimelowa jasho la baridi, na kizibo cha kwanza kikaruka hadi kwenye meza ya wajomba. Vigelegele!

Baada ya hapo ni mikono tu. Wengi wa ukoo ule hawagusi pombe, na juisi yao inatoka kwenye glasi zilezile nzuri, na kipande cha limau ubavuni. Hakuna kupewa kikombe cha plastiki kwa sababu hunywi. Kijana mmoja, ndevu hazijaota vizuri, aliomba bia. Nikamwambia mdogo wangu, chini ya miaka 18 hapa ni rozela. Alinuna, akainywa, akarudi kuongeza.

Saa 5 usiku baba mmoja aliomba ya mwisho huku funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Nikamwomba funguo kwanza. "Shikamoo baba, bajaji ipo pale getini, gari utalifuata kesho." Alinitazama muda mrefu, akaniachia. Nikamkabidhi mke wake mbele yake.

Saa 7 nipo nyumbani. Maji ya pipa yana chumvi, siwezi kuyamwagia migomba ya mama, kwa hiyo nayabeba kwa ndoo mpaka barabarani, safari sita, kidole gumba kikiniwaka. Jumatatu nanunua mikanda miwili.