Midomo ikifa ganzi baada ya kula kome, usilale

Jamani kuna kitu kinanikera, mtu kala kome au chaza, nusu saa haijaisha anasema midomo imekufa ganzi, afu walio karibu nae wanamwambia ni aleji tu, kalale itapita. Asilale! Ganzi ya midomo na ulimi inayosambaa usoni, inakuja mpaka vidoleni, kichwa chepesi kama anaelea, hiyo ni dalili ya saksitoksini, sumu ya neva inayojaa kwenye kome na chaza. Kome wenyewe hawana kosa, wao wanachuja maji wapate chakula, sasa vijimwani vyenye sumu vikizaliana kwa wingi baharini wanavimeza na sumu inajaa ndani yao huku wakionekana wazima kabisa, harufu safi, ladha safi.

Na kupika hakusaidii. Chemsha, choma, gandisha kwenye friza, kamulia ndimu weeee, sumu ipo palepale. Hata kuangalia kama maji ni mekundu (vijimwani vikijaa huweza kuyageuza rangi) sio kipimo, yanaweza kuwa maangavu tu na sumu imo. Mwaka 1793 mabaharia wa nahodha Mwingereza George Vancouver walikula kome kwenye pwani ambayo leo ni ya Kanada, mmoja wao, John Carter, akafa saa chache baadae.

Kinachoua ni pumzi kukata. Sumu inazuia neva zisifikishe taarifa, misuli ya kupumua inalegea, na mgonjwa anaweza kuwa anakusikia vizuri tu ila kujibu hawezi (mi hapo ndo huwa nasisimka). Dawa ya kuivunja hamna. Hospitali wanampa oksijeni, ikibidi mashine ya kupumulia, mpaka mwili uitoe, na akivuka masaa 24 kwa kawaida anapona. Kwa hiyo kuwahi ndo kila kitu. Njiani usimtapishe kwa nguvu, akitapika mwenyewe mlaze ubavu, pumzi ikikata mpulizie mdomo kwa mdomo bila kuacha.

Kuharisha na kutapika bila ganzi mara nyingi ni sumu nyingine, asidi ya okadaiki, inatesa siku 2 au 3 basi, maji mengi tu. Ila akianza kuchanganyikiwa au kusahau, hiyo inaweza kuwa asidi ya domoiki, ile iliyofanya watu zaidi ya 100 waugue Kanada mwaka 1987, na kuna ambao kumbukumbu haikurudi.

Ukifika mwambie daktari mgonjwa kala nini na saa ngapi, beba na mabaki, na wote waliokula sahani moja waje nao, hata wanaosema wako fiti.