Kadi ya Mchango

Tangu Jumapili nimeusikiliza ujumbe wa sauti wa kaka yangu mara kumi na moja, na kila mara naanzia palepale anapocheka kidogo kabla ya kusema: "Mdogo wangu, ile haikuwa kadi ya mwaliko. Ile ilikuwa kadi ya mchango." Hakukusudia kuniumiza; mnamjua, hutania hata msibani. Alikuwa akijibu swali nililomtumia baada ya mwanangu Idrisa kukataliwa na chuo: ikiwa chuo chenyewe ndicho kilichoanza kumwandikia mtoto, tena zaidi ya mara thelathini, kinamkataaje?

Wiki hii Baba Idrisa amekula kiapo cha uraia wa Marekani, nami nimehamishiwa zamu ya usiku, lakini kichwani mwangu imekaa kadi hiyo tu.

Barua ya kwanza ilifika mwaka jana, miezi michache baada ya ule mtihani wa Oktoba wa PSAT, wa kujipima kabla ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huku. Ilikuwa bahasha nzito, yenye brosha ya karatasi ya kuteleza kama ya kalenda ya benki, na jina la mwanangu limeandikwa bila kosa hata herufi moja. Nilimtumia kaka picha yake, Mama akasomewa huko Tanga, nami nikaitia kwenye droo ya pasipoti. Idrisa aliniambia kwa upole kwamba darasani kwao karibu kila mtu ameipata. Nikamjibu kwamba hao wengine wameipata kwa bahati.

Nilichelewa mno kusoma jinsi majina yanavyopatikana. Mwanafunzi alikuwa akiulizwa kama anakubali vyuo vimtafute; akikubali, College Board, shirika lenye mtihani huo, liliviuzia vyuo jina lake, na mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba bei ilikuwa senti 47 kwa jina moja. Mimi nilidhani kuna mtu aliyekaa ofisini akasoma habari za mwanangu! Nikatazama pia takwimu za Harvard, ambazo ziko wazi (chuo chetu ni kingine, nacho sikitaji). Mwaka 2020 ilipokea maombi 40,248 na kukubali watu 1,980. Mwaka uliofuata, sharti la kuleta alama za SAT lilipokuwa limeondolewa, maombi yakafika 57,435 na waliokubaliwa wakawa 1,968. Walioongezeka ni wa kukataliwa tu, na chuo kinachokataa wengi ndicho watu wanachokiona bora.

Kaka amekuwa katibu wa kamati za harusi nyingi, kwa hiyo anajua anachokisema: kadi ya mchango nayo huja na jina lako, familia ina heshima kukujulisha, na chini kuna namba ya kutumia pesa. Lakini hata huko, kaka, aliyechanga huingia ukumbini, hata kwa kadi ya singo, akala pilau. Sisi tulichanga dola 80 za maombi, ingawa mshauri wa shule alisema tungeweza kuomba msamaha wa ada, nami kwa kiburi nikakataa.

Jumanne asubuhi, nikirudi kazini, nilimkuta Idrisa jikoni ameitandaza ile brosha mezani, anapara samaki juu yake. Akaniambia, bila hata kugeuka, "Mama, karatasi hii haipitishi maji kabisa." Nilicheka mpaka nikakaa chini na koti langu mwilini. Mtoto huyu alikubaliwa na chuo kikuu cha jimbo tangu Desemba, asomee uhandisi, na mimi kwa kuingoja bahasha nyingine sikumpikia hata chai ya maziwa. Jana nikapika pilau. Wageni walidhani ni ya uraia, nami sikuwasahihisha.

Usiku huu, wakati wa mapumziko, niliusikiliza tena ujumbe wa kaka, safari hii kwa kutaka kucheka, nikauacha uendelee mpaka mwisho. Baada ya kadi ya mchango anatembea, upepo unaingia kwenye simu, kisha anasema: "Mama hajambo, ila siku hizi ngazi zinamshinda, analala sebuleni." Mara zote kumi na moja nilikuwa nimeukata kabla ya hapo. Tanga sasa ni saa tatu asubuhi, na simu ya Mama inaita tu.