Mstari ukinyooka, usikimbilie umeme

Kila tamthilia ya hospitali ina tukio hili: mstari wa monita ya moyo unanyooka, tiiii, daktari anasugua vile vibao viwili vya umeme, "Kaeni mbali!", mgonjwa anaruka kitandani. Dakika moja baadaye anaongea na mkewe.

Jamani. Mshtuko hauwashi moyo kama gari lenye betri mbovu. Kazi yake ni kuzima kwa nukta umeme uliovurugika, ili moyo ushike mapigo yake wenyewe. Hupewa moyo unaotetemeka ovyo, au unaokimbia mno huku mshipa wa shingo haudundi. Mstari ukinyooka hakuna umeme wa kuzima. Angalia kwanza kama waya zimechomoka (hutokea!), kandamiza kifua, mpe mgonjwa dawa ya adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na utafute chanzo: oksijeni kupungua, potasiamu kupanda, damu kupotea.

Kukandamiza ndiko kunakoniudhi zaidi. Waigizaji hukunja viwiko na kubonyeza kidogo tu, ila wana sababu: aliyelala pale ni mzima. Kiukweli viwiko hunyooka, kifua hushuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na huachiwa kirudi juu chote. Mbavu huvunjika. Anayebonyeza hupokewa kila dakika 2, maana akichoka kina hupungua bila yeye kujua.

Mwaka 1996 watafiti walichapisha hesabu ya matukio haya ya kufufua moyo katika vipindi vya runinga vya Marekani, ER, Chicago Hope na Rescue 911: asilimia 75 ya wagonjwa walizinduka. Wodini hatuzikaribii.