Siku Baba Alipoliona Gitaa Linalolia

Baba alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye baraza ya duka la nafaka sokoni Litein, na kando yake ilikaa redio yenye mkanda wa ngozi. Mimi nilikulia chini ya meza ile nikiokota vifungo na vipande vya kitambaa. Redio haikuzimwa ila betri zikiisha, na hata hapo baba alikuwa akizianika juani zipate nguvu ya kumaliza jioni.

Mtu akiuliza kwa nini sisi watu wa Bonde la Ufa tunapenda kantri, mimi humjibu kwa baraza ile. Sauti ya Kenya ilikuwa ikipiga Jim Reeves, Skeeter Davis, Charley Pride, Dolly Parton, baadaye Kenny Rogers. Nyimbo za watu wenye ng'ombe, wenye mama aliyebaki nyumbani, wenye deni na kanisa. Wateja wengi hawakujua Kiingereza cha kufuata maneno yote lakini walijua wimbo unasema nini.

Ndani ya nyimbo hizo kulikuwa na sauti moja iliyomshughulisha baba miaka nenda miaka rudi. Sauti isiyo ya mtu wala ya gitaa la kawaida. Ilianza chini, ikapanda polepole bila ngazi, kama mtu anayevuta pumzi kabla hajalia, kisha ikatua. Ilipokaribia, baba aliondoa miguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza, akainua kidole. "Ngoja. Inakuja." Aliwahi kumuuliza mwalimu wa shule, akaambiwa ni fidla. Dereva wa lori akamwambia ni kinanda cha umeme. Hakuridhika na majibu hayo. Alisema fidla inasugua, na kinanda hakiwezi kuteleza hivyo.

Baba alikuja Marekani Desemba 2013 kuniona nikihitimu. Nilikuwa nasoma Bowling Green, Kentucky, kama kilomita 100 kaskazini mwa Nashville, na katika miaka ile minne nilikuwa nimegeuka mtu wa roki. Niseme wazi kwamba naipenda hadi leo. Mara ya kwanza kusimama mbele ya spika za bendi ya roki, besi iliniingia kifuani kabla haijafika masikioni. Maneno sikuyasikia hata moja. Sikuyahitaji. Watu elfu kadhaa tuliruka kwa pamoja na nilirudi chumbani masikio yakivuma, nimeridhika kabisa. Kantri nilikuwa nimeiacha Litein pamoja na vifungo. Niliiona ni ya wazee.

Lakini mzee wangu alikuwa amekuja, na Nashville ilikuwa mwendo wa saa moja tu. Nilikuwa nimeosha vyombo kwenye mkahawa wa chuo wiki kadhaa nikiweka pesa za tiketi mbili za Grand Ole Opry. Nilipomwambia, aliweka kikombe chini.

"Ni mahali pa namna gani?"

"Ni onyesho la muziki, baba. Ni lile la redio. Limekuwa hewani kila wiki tangu 1925."

"Wanauza pombe?"

Baba ni mzee wa kanisa. Sikutaka kumdanganya. "Wanauza. Lakini si lazima mtu anunue."

Akanywa chai yote kabla ya kujibu. "Tutaona."

Tuliondoka Jumamosi baada ya chakula cha mchana, yeye amevaa suti aliyojishonea mwenyewe kwa safari, na juu yake koti langu la baridi. Kwanza nilimpeleka kwenye jumba la kumbukumbu la muziki wa kantri, kwa sababu ya jambo moja. Mama yake baba, bibi yangu, alikuwa akiimba wimbo wa Chemirocha akikamua. Kipsigis wengi wa rika lake waliujua. Wazungu walipoleta gramafoni na sahani za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, watu wetu walisikia sauti ile ya kupasua, inayoruka kutoka kifuani hadi kooni, wakasema huyu si binadamu mzima, ni nusu mtu nusu swala. Jina lake wakalitamka walivyoweza: Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet, jirani kabisa na kwetu, akawarekodi wasichana wakimwimbia huyo Chemirocha aje acheze nao. Jimmie Rodgers mwenyewe alikuwa ameshakufa tangu 1933 kwa kifua kikuu. Alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, na hakupata kujua kwamba huko milimani kwetu amegeuzwa swala.

Kwenye chumba cha mviringo, ambako wanamuziki waliotunukiwa wamewekewa vibao vya shaba ukutani, tulikitafuta chake. Yumo katika watatu wa mwanzo kabisa, wa mwaka 1961. Baba alivua kofia. Akasoma herufi kwa herufi, midomo ikitembea, halafu akarudia kwa sauti ya mama yake: "Che-mi-ro-cha." Mlinzi aligeuka kututazama. Baba akaniambia kwa upole, kama anayezungumza msibani, "Kumbe alikuwa mtu tu." Ndani ya kile kibao cha shaba kulikuwa na uso wa mtu wa kawaida. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko chumba kingine chochote.

Jioni tukavuka Broadway. Ule mtaa una baa ukuta kwa ukuta, kila moja na bendi yake dirishani, na milango imeachwa wazi hata kwenye baridi. Roki inatoka hapa, kantri inatoka pale, katikati ya barabara zinapigana. Kwa kawaida hapo ndipo mimi ningeingia. Baba alipita upesi akiwa ameushika mkono wangu kama nilivyokuwa nikishikwa sokoni nikiwa mdogo.

Opry ina jumba lake kubwa nje ya mji tangu 1974, lakini miezi ya baridi ilikuwa ikirudi Ryman, nyumba yake ya zamani, na ndiyo maana nilichagua Desemba. Ryman ni jengo la matofali mekundu lenye paa la pembe kali. Tulipopanda ngazi na kuingia ukumbini, baba alisimama mlangoni. Watu nyuma yetu wakasimama pia. Mbele yake hapakuwa na viti vya sinema. Palikuwa na mabenchi marefu ya mbao, yaliyopinda kufuata jukwaa, yaliyong'arishwa na migongo ya watu. Na madirisha yenye vioo vya rangi.

"Hii ni kanisa," alisema.

Ni kweli, lilikuwa. Nahodha Thomas Ryman, mwenye meli za mtoni, aliokoka kwenye mahubiri ya Sam Jones mwaka 1885, akaamua kumjengea mhubiri nyumba, na ikafunguliwa 1892. Nilimweleza hayo tukiwa tunatafuta nafasi zetu ghorofani. Alilishika benchi kwa kiganja, akalisugua kidogo kama anavyopima kitambaa, akaketi. Hakuuliza tena habari ya pombe.

Opry haiendi kama tamasha la roki. Kwenye roki taa zinazimwa, unangoja, unangoja, halafu mlipuko. Hapa taa ziliwaka, mtangazaji alisimama pembeni kwenye meza yake na karatasi, akasoma matangazo ya biashara kama redioni, maana kweli ilikuwa redio, watu wa nyumbani walikuwa wakisikiliza saa hiyo hiyo. Nyuma ya wapigaji kulikuwa na watu wamekaa tu jukwaani, jamaa na wageni wao. Msanii anaingia, anaimba nyimbo mbili, anainama, anatoka, anaingia mwingine. Wengine vijana wenye kofia mpya, wengine wazee waliosaidiwa kushika kipaza sauti. Wacheza densi waliingia na viatu vyenye chuma wakaipiga sakafu kama mvua kwenye mabati. Na sauti! Nilikuwa nimezoea kupigwa na muziki. Hapa ilinibidi niinamie mbele niufuate. Mwimbaji aliposhusha sauti ukumbi mzima ulishuka naye, watu zaidi ya 2,000, ungesikia mtu akigeuka kwenye benchi.

Nilihesabu watu weusi ghorofani kwetu. Tulikuwa sisi na mama mmoja. Jambo hilo lilinikaa, kwa sababu mmoja wa nyota wa kwanza kabisa wa onyesho hili alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, aliyepiga kinanda cha mdomo akaiga gari moshi hadi ukaliona linapita, na mwaka 1941 wakamwondoa. Na banjo imetoka Afrika Magharibi mikononi mwa watumwa. Huo ni ukweli unaostahili kusemwa kila mara kantri inapoitwa muziki wa watu fulani tu. Bibi mmoja mzungu kando yetu alisogea akampa baba nafasi ya miguu, akamuuliza ametoka wapi. Baba akasema Kenya. Akamuuliza kama kule wanaijua kantri. Baba alinitazama nitafsiri, nikatafsiri, akajibu kwa kutaja majina kumi mfululizo, bila Kiingereza kingine chochote, Jim Reeves wa kwanza. Bibi yule akamshika mkono.

Kisha akaja mwimbaji mmoja na wimbo wa polepole. Beti ya kwanza ikaisha, na sauti ile ikaanza chini, ikapanda.

Baba aliinua kidole. Pale pale ghorofani, Ryman, kidole kile kile. "Inakuja," akanong'ona, na mara hii alikuwa na pa kutazama. Macho yake yakapita kwenye fidla, yakaiacha, yakapita kwenye kinanda, yakatua kwa mtu aliyekaa nyuma kidogo, ambaye nisingemtambua. Mbele yake palikuwa na kitu kama meza nyembamba yenye miguu minne, na nyuzi zimelazwa juu yake. Mkono wa kushoto ulishika kipande cha chuma, mviringo, kinang'aa, akikitelezesha juu ya nyuzi bila kuzibana. Kulia alikuwa amevaa kucha za chuma vidoleni.

Lakini baba hakutazama mikono. Alinipiga goti. "Tazama miguu. Tazama miguu yake!"

Chini ya meza ile kulikuwa na pedali zimepangwa kwenye fito. Mguu wa kushoto ulikanyaga, kisigino kikainuka, ukakanyaga tena. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye pedali ya peke yake, ukiifungulia sauti na kuifunga. Na magoti yalikuwa yakisukuma vyuma vidogo kushoto na kulia. Kila goti liliposogea, mlio ulijikunja.

"Ni cherehani," baba alisema. "Mwanangu, ni cherehani. Anakanyaga kama mimi."

Nilitaka kumwambia habari zake zote, na baadaye nilimwambia: kwamba chombo kile ni gitaa, liitwalo pedal steel, kwamba gitaa la kutelezesha chuma lilianzia visiwa vya Hawaii, kwamba pedali zinavuta nyuzi kwa vyuma vya chini, na kwamba mwaka 1954 mpigaji aitwaye Bud Isaacs alisikika kwenye rekodi akikanyaga huku noti bado inalia, na tangu hapo kila mpigaji wa Nashville akataka pedali. Saa ile sikusema kitu. Baba alikuwa akilia. Hakujifuta. Mikono yake miwili ilikuwa magotini, na kiatu chake cha kushoto, chini ya benchi la Nahodha Ryman, kilikuwa kikikanyaga ubao.

Wasanii wengine walipita na sikumbuki hata mmoja vizuri. Kuanzia hapo sote wawili tulikuwa tunamtazama mtu mmoja ambaye hakuna taa iliyomwangaza. Nikaona nilivyokuwa sijawahi kuona kwenye matamasha yangu: mwimbaji akisita, yeye anajaza, mwimbaji akirudi, yeye ananyamaza, hata pumzi mbili nzima, mkono juu ya nyuzi, anangoja. Mtu anayejua kunyamaza hivyo ndiye aliyemfanya baba asimamishe cherehani miaka yote ile.

Tulitoka baada ya saa tatu usiku. Foleni ya onyesho la pili ilikuwa imeshazunguka jengo. Baba hakutaka kula wala kununua fulana. Alitaka kukaa garini.

Gari langu lilikuwa kuukuu na redio yake ilikuwa ya AM na FM tu. Tukiwa tumeuacha mji nyuma niliiweka WSM, 650, kituo kinachorusha Opry, na onyesho la pili likaingia, moja kwa moja kutoka kwenye ukumbi tuliokuwa tumetoka kuuacha ungali na joto letu. Tukipita chini ya daraja lilipotea. Kadiri tulivyokaribia mpaka wa Kentucky mkwaruzo uliongezeka, na mkwaruzo ule ulikuwa wa Litein hasa.

Baba alikuwa ameegemeza kichwa, macho yamefumba. Nilidhani amelala. Kisha mahali fulani gizani sauti ile ikaanza chini, ndani ya mkwaruzo, na kiatu chake kikashuka kwenye zulia la gari, goti likaenda kando.

"Hapo," akasema. "Hapo anakanyaga."

Tulipofika nje ya nyumba sikuzima injini. Wimbo ulikuwa haujaisha.