Supu ya bibi wa mlango wa pili

Leo nimeshinda ndani, mafua bado hayajaachia, nje hapa Boston theluji inashuka tangu alfajiri na mi siku nzima nawaza supu tu.

Kwetu Dar supu ni chakula kamili. Unaamka unaenda pale kwa muuza supu unakaa kwenye benchi, unaagiza ya ng'ombe au makongoro, unakamulia ndimu, pilipili, chapati mbili, mpaka saa nane hutafuti kitu. Nilipofika Marekani nikakuta supu inakuja kabla ya chakula chenyewe, mhudumu anakuuliza unataka ya kikombe au ya bakuli, na watu wanakunywa nusu wanaisogeza pembeni wanasubiri nyama. Nikasema moyoni hawa watu supu hawaijui thamani.

Kumbe nilikuwa naangalia migahawani tu. Juzi homa imenipanda, usiku kucha nakohoa, jioni yake nasikia hodi, bibi mmoja mtu mzima wa mlango wa pili ambaye huwa tunasalimiana tu kwenye ngazi, kasimama na sufuria kaiviringishia taulo. Supu ya kuku. Tambi fupi fupi, karoti, kuku kachambuliwa kwa mkono nyuzi nyuzi, pilipili hamna hata kidogo ila chumvi yake iko sawa kabisa, nikanywa mpaka jasho likanitoka mgongoni. Akaniambia mama yake alikuwa anampa hiyo hiyo akiumwa, ila ya kopo, ya kampuni ya Campbell's.

Hayo makopo zamani nilikuwa nayadharau. Lakini mwaka 1897 pale Camden, New Jersey, mkemia kijana wa kampuni hiyo hiyo anaitwa John Dorrance aligundua namna ya kupunguza maji kwenye supu, kopo likawa dogo, jepesi kusafirisha, bei ikawa senti 10, wewe nyumbani unaongeza maji unachemsha. Yaani mama ametoka kazini kachoka, mtoto anaumwa, na supu ipo. Hilo si jambo dogo jamani.

Halafu kuna gumbo, supu nzito ya jimbo la Louisiana, hii kila nikiifikiria inanigusa sana. Wanaofuatilia asili ya maneno wengi wanasema jina limetokana na neno la Kibantu la bamia, limevuka bahari vinywani mwa watu waliofungwa minyororo, na mpaka leo watu wa New Orleans wanalitamka mezani kwao. Bamia ile ile tunayopika sisi!

Sufuria ya bibi nimeshaiosha, iko hapa mezani, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kesho nikipata nguvu naenda bucha ya halali kutafuta mifupa na nyama ya kuchemsha, ndimu ninazo. Pilipili ntamwekea kwenye kibakuli pembeni, aonje kidogo kidogo mwenyewe.