Mradi wa upupu: maganda yamekauka

Upupu umefika juu ya uzio na kuanza kujisokota wenyewe. Maua ya zambarau yameshapukutika, na sasa umefika wakati wa maganda, ambao ndio niliokuwa nikiungoja.

Nimeweka vinyweleo kadhaa vya maganda chini ya darubini. Kila kimoja ni kama mkuki mwembamba, na karibu na ncha kuna vimiba vinavyoelekea nyuma, ndiyo maana kikishaingia hakitoki kwa kupanguswa. Lakini si kuchoma huko kunakowasha. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho hukata protini na kuamsha vipokezi vya neva za ngozi. Vinyweleo vilivyochemshwa bado huchoma, ila haviwashi tena, kwa sababu joto limekiharibu kimeng'enya. Jambo hili limenivutia kuliko yote niliyoyaona tangu nipande. Na kwa kuwa mwasho huu hautegemei sana histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, vidonge vya mzio havisaidii sana.

Kuvuna: nalowesha maganda kwanza ili vinyweleo visipeperuke, nasimama upande unakotoka upepo, glavu na miwani juu. Vikigusa ngozi, usijikune! Bandika selotepu, ibandue, rudia kwa kipande kipya, kisha osha kwa maji na sabuni. Macho ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Mbegu ni habari nyingine. Zina levodopa, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito wake, na wanakemia wa India waliitenga humo mwaka 1937. Mwilini levodopa hugeuka kuwa dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe ubongoni, ambayo hupungua kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Jaribio lililochapishwa 2017, lenye wagonjwa 18, lilionyesha unga wa mbegu ukifanya kazi kama dawa ya kawaida ya levodopa.

Hata hivyo sitasaga mbegu zangu nimpe mtu yeyote, na wewe usisage. Kiasi hutofautiana kati ya mmea na mmea, na levodopa ikizidi huleta kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu na hata kuona visivyokuwepo. Anayetumia tayari dawa za Parkinson au za sonona amwone daktari kwanza.

Kinachofuata ni kupanda aina isiyowasha, ile ya mbolea ya kijani (hupandwa ili ifukiwe shambani kurutubisha udongo), kando ya hii, nilinganishe vinyweleo vya maganda yake.