Kanisa la Mkunazini: Ukiingia, Tazama Juu

Boti ya kutoka Dar es Salaam hutia nanga Malindi, bandari ya mji wa Zanzibar, baada ya kama saa mbili, na kutoka bandarini hadi Mkunazini ni mwendo wa miguu tu. Nilishika barabara ya Darajani, nikapita soko lenye pweza na viungo, kisha nikakata kulia kuingia Mji Mkongwe. Mnara wa Kanisa Kuu la Kristo ulikuwa umekwisha kujitokeza juu ya mapaa ya mabati.

Mimi ni mtu wa Masasi, na kwetu sisi wa kusini hapa si mahali pa kupiga picha tu. Wengi waliouzwa katika soko la watumwa lililokuwa Mkunazini walitekwa kandokando ya Ziwa Nyasa na katika nchi zinazoelekea huko, wakateremshwa hadi Kilwa, wakapakiwa majahazini kuletwa Unguja. Soko hilo la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza akakubali mkataba. Krismasi ya mwaka huohuo, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, wakaweka jiwe la msingi papo hapo. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata aliwekwa wakfu kuwa askofu.

Kijana aliyenitembeza alinipeleka moja kwa moja madhabahuni. "Simama hapa, mama, lakini usikanyage," akaniambia. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Inaelezwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882.

Wageni wengi huangalia duara hilo, wakaondoka. Mimi nasema inueni macho. Paa la kanisa hili ni kuba refu la mviringo, lililomiminwa kwa simenti iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, bila boriti hata moja ya kulikatiza. Wakati wa ujenzi walikuwapo walioamini litaporomoka. Hadi leo lipo! Kuta nazo ni za matumbawe, jiwe lilelile lililojenga misikiti na majumba ya pwani yote, na madirisha yamechongoka juu kwa namna ambayo Mzungu ataiita ya Kigothi na Mswahili ataona ni jamaa wa matao ya kwao. Nilikaa kwenye benchi nikalitazama paa hadi shingo ikauma. Mikono iliyochanganya ile simenti ilikuwa ya watu wa hapahapa, na majina yao hayajachongwa ukutani kama ya maaskofu. Hilo linaniuma.

Alama yao moja ipo, lakini. Upande wa magharibi, karibu na kisima cha ubatizo, nguzo zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kuwa Steere alikuwa safarini mafundi walipoziweka, na aliporudi akaziacha. Nazipenda kuliko kitu kingine chochote kanisani humo.

Msalaba mdogo wa mbao umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi aliyepinga biashara ya utumwa, mwaka 1873. Mwili wake ulibebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo, nao ni watu wanaostahili kutajwa kila msalaba huo unapotajwa.

Uani lipo shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Sikuweza kukaa hapo muda mrefu. Jirani kuna jumba la maonyesho kuhusu biashara ya utumwa. Lisomeni kwa utulivu, msikimbilie vyumba vya chini vinavyosemwa kuwa vya kufungia watumwa.

Kabla ya kuaga nilimweleza yule kijana kwamba mwaka 1876 Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, akiwarudisha kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi wakaomba kubaki, na mji wetu wa misheni ukaanzia hapo. Hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Akaniuliza maswali hadi mlangoni, kisha akanielekeza daladala za Mbweni, kulikokuwa na makazi mengine ya waliokombolewa. Huko ndiko nilikoelekea mchana ule.